Sufuria ya mbwa haimtoshi paka

Nyumba nyingi zinazoleta wanyama kliniki hupika sufuria moja: ugali, mchuzi uliobaki na mifupa. Mbwa ananawiri kiasi, paka anakonda na manyoya yanamsimama. Mwenyewe huja akiomba dawa ya minyoo. Minyoo huwepo, lakini kwanza mimi huuliza paka anakula nini.

Mbwa amekula makombo ya binadamu kwa maelfu ya miaka, na mwili wake umeyazoea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa ana nakala nyingi za jeni ya kusaga wanga kuliko mbwa mwitu aina ya wolf, jamaa yake wa porini. Kwa hiyo ugali si sumu kwake. Tatizo ni ukiwa peke yake. Theluthi ya bakuli ikiwa dagaa, utumbo au mapafu yaliyochemshwa vizuri, tunaanza kuelewana.

Paka hana bahati hiyo. Anahitaji taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki, na unga wa mahindi hauna. Mbwa kwa kawaida hujitengenezea mwilini. Paka hutengeneza kidogo mno. Akiikosa kwa miezi, retina, sehemu ya ndani ya jicho inayopokea mwanga, huharibika na moyo hutanuka, ukashindwa kusukuma damu. Habari hii ya moyo iliwekwa wazi mwaka 1987 na Paul Pion na wenzake huko California, na hata viwanda vya chakula cha paka vikalazimika kuongeza taurini.

Dawa yake iko sokoni. Mioyo ya kuku ina taurini nyingi, na paja lina nyingi kuliko kidari. Dagaa wazima ni wazuri zaidi kwa sababu huliwa pamoja na mifupa yao, na humo ndimo kalsiamu ilimo. Mtoto wa paka anayelishwa steki tupu huota mifupa laini, akaanza kuchechemea. Osha mchanga, chemsha, na ile supu usiimwage: taurini huyeyukia kwenye maji. Chumvi na kitunguu visiingie kabisa. Kitunguu, hata kikiwa kimekaangwa, huvunja chembe nyekundu za damu, kwa paka na kwa mbwa. Maini mpe kidogo tu, mara moja au mbili kwa wiki.

Kuna tabia moja inayonikera: unga ukiota ukungu, watu husema "huu wa mbwa." Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kupikwa, na ini la mbwa haliivumilii. Unga usioula wewe, tupa.

Ukiamua kubadilisha chakula, changanya kipya na cha zamani kwa wiki nzima, ukipunguza ugali kidogo kidogo. Usimkomoe paka kwa njaa ukidhani atakubali tu. Akigoma kula siku mbili, hasa akiwa mnene, mafuta huanza kujaa kwenye ini na anaweza kufa. Huyo mlete kliniki siku hiyo hiyo.