Je, wajua kwa nini mwenye mapafu mabovu huambiwa afanye mazoezi?

Mtu akihema baada ya kupanda ngazi chache, tunamwambia akae apumzike. Kwa miaka mingi hata madaktari waliwaambia hivyo wenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule unaoletwa na sigara au moshi wa kuni uliovutwa miaka na miaka. Mwaka 1952 Dkt. Alvan Barach wa New York alikuwa miongoni mwa wachache waliokwenda kinyume na ushauri huo.

Siku hizi wengi wamesikia kwamba mazoezi yanasaidia, ila sababu wanayoitoa si sahihi. Hudhani yanapanua mapafu au kuyafungua. Hayafanyi hivyo. Mpime mgonjwa kwa kumpulizisha kwenye spairomita, kifaa cha kupimia pumzi, kabla ya mazoezi ya wiki nane, kisha mpime tena baadaye: hewa anayoitoa katika sekunde 1 itakuwa karibu ileile. Vijifuko vya hewa vilivyoharibika havirudi. Hata hivyo mtu huyohuyo sasa anafika sokoni bila kusimama njiani. Uchambuzi wa mwaka 2015 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaojumlisha tafiti za tiba, uliokusanya tafiti 65, ulikuta kwamba waliofanya mazoezi walitembea kwa wastani mita 44 hivi zaidi katika dakika 6 kuliko wasiofanya. Wahariri wa Cochrane wakaandika kwamba hakuna tena haja ya majaribio mapya ya kulinganisha mazoezi na huduma ya kawaida, kauli isiyo ya kawaida kabisa katika tiba.

Kilichobadilika kiko mapajani.

Anayeogopa kuhema hukaa, na misuli ya miguu yake hunywea. Misuli iliyonywea hushindwa kutumia oksijeni vizuri, hivyo hata kwa mwendo mdogo huanza kutoa asidi ya laktiki. Mwili ukiizimua asidi hiyo, hewa ya ukaa huongezeka, nayo haina pa kutokea ila mapafuni. Fikiria jiko la kuni lenye kidirisha kimoja kidogo. Ukipikia kuni mbichi, ugali utaiva, lakini moshi utajaa hadi macho yawashe. Ukipikia kuni kavu, ugali ni uleule na dirisha ni lilelile, ila moshi ni kidogo na kidirisha kinaumudu. Mazoezi hukausha kuni, dirisha hayaligusi. Mtafiti Richard Casaburi na wenzake walilionyesha hili mwaka 1991: baada ya mazoezi, wagonjwa waliofanya kazi ileile walitoa asidi kidogo na kuvuta pumzi kidogo.

Faida haiishii hapo. Njia za hewa zikiwa nyembamba, kutoa pumzi huchukua muda. Anayehema harakaharaka huvuta nyingine kabla ya kumaliza ya kwanza, hewa inanasa kifuani, na kifua kinajaa hadi hakina pa kuongezea. Pumzi zikipungua kasi, hewa hupata muda wa kutoka.

Kwa wanaokatika pumzi usingizini, ambao wengi hukoroma, mambo ni tofauti kidogo. Hapa tatizo ni koromeo linaloziba. Jaribio la Marekani la mwaka 2011 lilionyesha kwamba wiki 12 za mazoezi zilipunguza mikatiko hiyo kwa karibu robo, ingawa uzito haukubadilika sana. Dhana moja ni kwamba maji yanayotuama miguuni mchana huhamia shingoni mtu akilala, na kutembea huyapunguza. Bado ni dhana, na robo haitoshi kumfanya mtu aache mashine yake ya kusukuma hewa. Wenye magonjwa yote mawili, hali ambayo David Flenley wa Edinburgh aliieleza mwaka 1985, wamefanyiwa tafiti chache zaidi.

Kampala, katika Hospitali ya Mulago, programu ya mazoezi ya wiki sita ilijaribiwa kwa watu walioachiwa mapafu mabovu na kifua kikuu. Walitembea mbali zaidi baadaye, ingawa hapakuwa na kundi la kulinganisha.

Kwa kawaida mgonjwa hufanya mazoezi mara mbili au tatu kwa wiki, akipimwa oksijeni kidoleni, kwa sababu kwa wengine hushuka wakitembea. Kuhema kiasi kunaruhusiwa. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ni amri ya kusimama. Akiacha mazoezi, misuli hunywea tena, na faida hupungua kadiri miezi inavyopita.