Kifuko cha ndago za milimani na ushahidi wa vinasaba

Wanaopita kinamasi cha Bigo kule Rwenzori hurukaruka juu ya vichuguu vya majani marefu na kuviita nyasi. Si nyasi. Ni Carex runssoroensis, wa familia moja na ndago inayowasumbua wakulima na mafunjo ya Ziwa Viktoria. Ndago nyingi utazijua kwa vidole: zungusha shina utahisi pembe tatu, likate utakuta limejaa, wakati shina la nyasi kwa kawaida ni la mviringo na lina uwazi ndani.

Ugumu huanza ndani ya jenasi yenyewe, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu. Carex ina spishi zipatazo 2,000, na kwenye milima mirefu baridi huifupisha mimea hadi spishi mbili zikafanana kabisa kwa majani. Kwa hiyo mimi huanza na kifuko. Kila ua la kike limefunikwa na kifuko mfano wa chupa ndogo, na tunda hukomaa humo. Kwa lenzi natazama mdomo wake: mrefu au mfupi, mzima au umepasuka. Natazama mishipa yake na vinywele vyake. Kisha nahesabu nyuzi zinazochomoza kupokea chavua. Zikiwa mbili, kwa kawaida tunda ni bapa. Zikiwa tatu, lina pembe tatu.

Kifuko hichohicho ndicho kilichowapoteza wataalamu kwa muda mrefu. Kobresia za Himalaya zilitengwa na Carex, zikawa jenasi ya peke yake, kwa sababu kifuko chake kiko wazi ubavuni. Schoenoxiphium, zinazomea kuanzia milima ya Drakensberg huko Afrika Kusini hadi milima yetu ya Afrika Mashariki, zilitengwa pia, kwani ndani ya kifuko mara nyingi hutoka kijitawi chenye maua ya kiume. Vinasaba vilipolinganishwa, zote mbili zikaonekana ziko ndani ya ukoo wa Carex, na mwaka 2015 kundi la kimataifa la wataalamu likaziunganisha rasmi. Naunga mkono uamuzi huo, ingawa ulilazimu lebo nyingi za sampuli kubadilishwa.

Suke nalo lina kisa chake. Mwaka 1909 Georg Kükenthal, mtaalamu wa ndago kutoka Ujerumani, aliziweka pamoja Carex za suke moja, akiziona kuwa ndizo za kale. Vinasaba vinaonyesha suke moja limejitokeza mara nyingi, katika koo tofauti. Basi ukikuta Carex monostachya kwenye vinamasi vya Mlima Kenya, lile suke lake moja halitoshi kukuambia ndugu zake ni nani.

Maabara husoma sehemu mbili za vinasaba angalau: ile iitwayo ITS, iliyo kwenye kiini cha seli, na iitwayo matK, ya kwenye kloroplasti, yaani vijisehemu vya kijani vya seli. Kloroplasti kwa kawaida hurithiwa upande wa mama tu, hivyo majibu yakigongana nashuku kwamba spishi mbili ziliwahi kuzaana. Kuhesabu kromosomu peke yake hakusaidii sana; za Carex hukatika na kuungana, na idadi hutofautiana hata ndani ya spishi moja.

Mwanafunzi anayepanda mlima kukusanya sampuli asichume suke changa. Achukue mmea wenye vifuko vilivyokomaa, pamoja na kitako na mizizi, kisha akate kipande cha jani bichi akitie kwenye silika jeli, chembe za kukaushia, siku hiyohiyo. Jani litakwenda kusomwa vinasaba, na kifuko kitanionyesha spishi.