Mashua ya mabegani haikuwa jeneza la Farao

Wengi wakiona picha za mahekalu ya Misri ya kale huamini kwamba mashua ile wanayoibeba makuhani mabegani ni jeneza la Farao. Dhana hiyo inaeleweka. Kando ya piramidi kubwa ya Giza, mwaka 1954, iligunduliwa merikebu ya mbao ya mita 43 hivi, nayo kweli ilizikwa kwa ajili ya mfalme.

Ya hekaluni ni kitu kingine: makao ya mungu yenye umbo la mashua. Katikati kuna kibanda, na ndani yake, nyuma ya pazia, sanamu ya mungu ambayo watu wa kawaida hawakuiona. Katika sikukuu ya Opet, mungu Amun alitolewa hekalu la Karnak akapelekwa hekalu la Luxor, kama kilomita 3, huku njiani kukiwa na vituo vya mawe vya kumpumzisha. Zama nyingine msafara ulikwenda kwa mto. Hapo mashua hiyo ndogo ilipakiwa juu ya jahazi kubwa. Mashua ndani ya jahazi! Mimi naona hapo ndipo penye uzuri wote.

Ukikutana na picha, anza chini: kuna miti ya kubebea na miguu ya makuhani, maji hakuna. Kisha tazama omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya mashua. Vichwa vya kondoo dume ni alama ya Amun. Vya kipanga huonyesha mungu mwingine, kama Khonsu. Maiti iliyolazwa hutaiona.