Fitoestrojeni si "homoni za kike"

Juzi dukani mama mmoja alikuwa akisoma pakiti ya unga wa lishe, kidole kikipita juu ya ulezi, karanga na mahindi, na kilipofika kwenye soya akairudisha pakiti rafuni, akasema hawezi kumpa mwanawe wa kiume homoni za kike. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, hata kwa wauza dawa za asili, ambao kwao uleule uvumi umegeuka sifa ya bidhaa.

Fitoestrojeni ni kiambato cha mmea kinachoweza kushika vipokezi vya estrojeni mwilini, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa estrojeni, homoni ambayo watu huiita ya kike. Viambato vya aina hiyo vilivyomo katika soya huitwa isoflavoni.

Upotofu umeanzia kwenye jina. Fito, kwa Kigiriki, ni mmea. Estrojeni imetokana na oistros, yaani pange, yule nzi anayewauma ng'ombe hadi wakatimka ovyo. Wanasayansi walilichukua neno hilo kueleza joto la mnyama jike anapotaka dume, wakaliongezea jeni, yaani chenye kuzalisha. Jina zima, basi, linataja kazi, "chenye kuleta joto", wala halisemi kitu hicho kimeumbwa kwa nini. Mimea nayo iliingia katika mjadala huo kwa kazi iliyoonekana kwa wanyama: katika miaka ya 1940, huko Australia Magharibi, kondoo waliolishwa malisho ya klova walishindwa kushika mimba, na baadaye ikabainika kwamba chanzo kilikuwa isoflavoni za majani hayo, ambayo ndiyo yaliyokuwa chakula chao kikuu.

Estradioli, estrojeni yenye nguvu kuliko zote mwilini, ni steroidi, yaani ya kundi la kemikali zenye umbo kama la kolesteroli; huanzia kwenye kolesteroli hiyo na kukamilishwa na kimeng'enya kiitwacho aromatasi, na ovari huizalisha kwa amri ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Isoflavoni si steroidi, na mwili hauigeuzi kuwa estradioli. Hukishika kipokezi kwa udhaifu: penye estradioli kidogo huweza kukiamsha kiasi, na penye estradioli nyingi huweza kuizuia isikae mahali pake. Kushika kipokezi ni jambo moja. Kuifanya tezi izalishe homoni zaidi ni jambo lingine kabisa, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganya. Tafiti zilizopima damu za wanaume wanaokula soya kwa kiasi cha kawaida, kwa jumla, hazikuonyesha testosteroni, homoni kuu ya kiume, ikishuka.

Ningependa yule mama aambiwe, kwa upole, kwamba soya iliyomo katika uji wa mwanawe ina viambato vinavyovishika vipokezi vya estrojeni kwa udhaifu, na kwamba homoni ya mtu haimo ndani yake. Naye muuzaji anayedai kwamba mzizi wake "unaongeza homoni" aulizwe ni homoni ipi, inazalishwa na tezi gani, na kipimo cha damu kilisomaje kabla na baada ya dawa.