Saa Janja au Saa ya GPS? Itoe Kwanza Nje ya Duka

Kabla hujauliza bei, muombe muuzaji akuruhusu utoke na saa hadi barabarani, juani, mwendo wa saa saba mchana. Ndani ya duka kila kioo kinapendeza. Nje, kioo cha AMOLED, ambacho ndicho saa janja nyingi hutumia, huwaka kwa mwanga wake chenyewe, na kikishindana na jua la utosi hula betri. Saa za GPS, yaani saa ngumu za michezo zinazopima njia yako kwa setilaiti, kama Garmin Instinct 2, zina kioo kinachorudisha mwanga wa jua: jua likizidi, tarakimu zinazidi kukolea. Ukiingia nayo ndani kinafifia kama cha kikokotoo, na wengi huikataa kwa sababu hiyo tu. Lakini usikisie kwa umbo, kwani siku hizi baadhi ya saa za michezo nazo zimehamia AMOLED.

Kwenye betri, Kiswahili kimetupa neno moja, saa, kwa vitu viwili, basi muda nitauita masaa. Apple Watch ya kawaida ilitangazwa kwa miaka mingi kuwa inadumu masaa 18. Garmin Forerunner 55 inatajwa kwa wiki 2, au masaa 20 GPS ikiwa imewashwa. Instinct 2 ni siku 28, au masaa 30 ya GPS. Hizo ni namba za watengenezaji, katika hali nzuri, zipunguze kidogo. Anayechaji kila usiku hujaza betri mara 365 kwa mwaka, na anayechaji kwa wiki hujaza kama mara 52. Betri ya lithiamu huchoka kwa hesabu hiyo na kwa joto, kwa hivyo usiiache saa juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani. Stima nayo ikipotea usiku, mwenye saa janja ataamka na kioo cheusi mkononi.

Simu yako huenda ikaamua kabla yako. Apple Watch haifanyi kazi na Android. Samsung Galaxy Watch, kuanzia toleo la 4 la mwaka 2021, haifanyi kazi na iPhone. Garmin hukubali zote mbili, ila kujibu ujumbe mfupi kutoka mkononi kunawezekana ukiwa na Android tu. Na ujue ujumbe wa M-Pesa ukiingia, salio linajitokeza hapo mkononi, mbele ya jirani yako kwenye matatu. Zima arifa hizo mapema.

Kwetu mwambao, kinachoua saa zaidi ni chumvi. Alama ya 5 ATM, kipimo cha kustahimili maji, haimaanishi unaweza kupiga mbizi mita 50. Ni shinikizo la maji yaliyotulia, kwenye saa mpya. Mpira unaozuia maji huzeeka, na sabuni, marashi na maji ya moto huuchakaza haraka. Alama ya IP68, ya kuzuia vumbi na maji, hupimwa kwa maji yasiyo na chumvi, si ya bahari. Chumvi ikikauka huacha chembe ndani ya vitufe na kwenye vile vidoti vya chuma vya kuchajia. Ukichaji vidoti vikiwa na unyevu wa chumvi, umeme hula chuma. Utaona kijani au weusi, kisha siku moja chaji haiingii. Basi ukitoka baharini, au hata ukitoka jasho jingi, itumbukize kwenye bakuli la maji ya mfereji, bonyeza kila kitufe mara kadhaa ikiwa humo, ifute, iache ikauke kabisa, ndipo uchaji. Mkanda wa ngozi usiupeleke ufuoni.

Maji pia huchanganya kioo cha kugusa: tone hudhaniwa ni kidole, na mazoezi husimama yenyewe katikati ya kuogelea. Zipo saa janja zenye kufuli la maji, na kwenye baadhi hujiwasha lenyewe ukianza zoezi la kuogelea; vinginevyo ni lazima ukumbuke kuliwasha. Vitufe havina shida hiyo, na kwa anayeogelea au kuendesha kayaki mimi naona hapo hakuna mjadala.

Mapigo ya moyo hupimwa kwa mwanga wa kijani unaopenya ngozi. Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua, ikikolea kwenye kifundo cha mkono inaweza kuuziba, kama ilivyo kwa chale za wino. Mwenye piko aihamishie saa mkono wa pili au apandishe juu ya maua. Ifunge upana wa kidole kimoja juu ya mfupa, isicheze. Ukiona mapigo yamekwama karibu na 170 tangu dakika ya kwanza na wewe bado unaongea kwa raha, huenda saa inahesabu hatua zako badala ya moyo.

Kuhusu zile za bei rahisi zilizoandikwa GPS kwenye boksi: nyingi huazima GPS ya simu. Acha simu nyumbani, tembea dakika 15 mahali peupe kama bustani ya ufukweni ya Mama Ngina, Mombasa, kisha rudi uangalie ramani. Hakuna mstari, hakuna GPS. Kabla ya kuanza, simama mpaka saa ishike setilaiti. Ukianzia chini ya mabati, mita mia za mwanzo zitapotoka. Mji wa Kale usiutumie kupimia: kwenye vichochoro vile mawimbi hugonga kuta na kurudi, na hata saa nzuri itakuchora ukipita sebuleni mwa watu. Zenye kupokea masafa mawili ya redio ya setilaiti, L1 na L5, hupunguza makosa hayo.

Kwa anayeshinda ofisini, anayejibu simu nyingi na kutembea nusu saa jioni, ningemwambia achukue saa janja na chaja ya pili ya kuacha kazini. Kwa anayetoka zaidi ya saa moja, mara tatu au nne kwa wiki, kwenye mchanga au maji, ningechukua yenye vitufe, hata kama kioo chake hakivutii. Ukiinunua ikiwa imetumika, hakikisha muuzaji ameitoa kwenye akaunti yake mbele yako, uiunganishe na simu yako palepale, na uibandike kwenye chaja mpaka uone asilimia ikipanda.