Je, wajua seli shina za tezi ya pituitari zilitambuliwaje?

Chini ya ubongo, ndani kabisa nyuma ya pua, kuna kishimo cha mfupa kilichohifadhi tezi yenye uzito wa takriban nusu gramu. Hiyo ndiyo pituitari. Sehemu yake ya mbele ina aina 5 kuu za seli. Moja hutoa homoni ya ukuaji, nyingine ya maziwa ya mama, ya tatu huamsha tezi ya thairoidi, ya nne huamsha tezi zilizo juu ya figo, na ya tano huongoza ovari na korodani.

Seli hizo haziko kwa idadi ileile maishani. Mwanamke akishika mimba, kwa mfano, pituitari yake hukua kwa sababu seli za homoni ya maziwa huongezeka. Nyongeza hiyo hutoka wapi? Seli za homoni zenyewe huweza kujigawa, lakini watafiti walishuku kwa muda mrefu kwamba kuna pia seli shina: seli isiyo na kazi maalumu, yenye uwezo wa kujitolea nakala na wa kuzaa seli za kazi za kila aina.

Kushuku ni rahisi, kuthibitisha ndiyo kazi. Seli ya homoni ya ukuaji utaijua kwa homoni iliyojaa ndani yake, lakini seli shina haitengenezi homoni yoyote, na pituitari ina seli nyingi zisizotoa homoni ambazo si lazima ziwe shina. Kwa hiyo seli shina haitambuliwi kwa sura. Hutambuliwa kwa matendo.

Tendo la kwanza lililowapa watafiti fununu ni la kutema rangi. Mwaka 2005 kundi la Hugo Vankelecom, huko Leuven nchini Ubelgiji, lilizipa seli za pituitari ya panya rangi inayong'aa ambayo huingia na kushika DNA. Seli nyingi zilibaki nayo. Chache ziliisukuma nje, tabia iliyokuwa imeshaonekana kwa seli shina za uboho. Fununu nzuri, ila haikuwa ushahidi, maana si kila seli inayotema rangi ni shina.

Fununu iliyofuata ilianzia kwa wagonjwa. Kuna watoto wanaozaliwa bila macho, au wakiwa na macho madogo mno, kwa sababu ya kasoro katika jeni iitwayo SOX2, na mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba baadhi yao pia wana upungufu wa homoni za pituitari zinazoongoza uzazi. SOX2 inajulikana sana kwa watu wanaochunguza seli shina za kiinitete. Swali likajileta lenyewe: je, kwenye pituitari ya panya mzima kuna seli ambazo bado zinaitumia? Mmoja wa watafiti wa London waliolifuata swali hilo ni Robin Lovell-Badge, ambaye mwaka 1990 alishiriki kugundua SRY, jeni inayomfanya kiinitete awe wa kiume.

Seli hizo zilikuwepo. Mwaka 2008 kundi hilo lilizionyesha zikiwa nyingi zaidi kwenye kingo za ufa mwembamba ulio katikati ya tezi, mabaki ya kifuko ambacho pituitari huumbwa kutokana nacho tumboni mwa mama. Zilipooteshwa kwenye vyombo vya maabara, baadhi ziliunda vijibonge vya seli vya mviringo, kisha zikatoa seli za homoni za aina zote kuu.

Wengine wangefunga faili hapo. Mimi naona waliokataa walikuwa na haki, kwa sababu chombo cha maabara kinaweza kuilazimisha seli ifanye jambo ambalo mwilini haingelifanya kamwe. Ulihitajika ushahidi kutoka ndani ya mnyama aliye hai.

Ushahidi huo ulikuja mwaka 2013, katika tafiti mbili zilizotoka pamoja. Watafiti walitumia panya waliobadilishwa jeni kiasi kwamba, wakipewa dawa ya tamoksifeni, seli zinazotumia Sox2 hupata alama ya kudumu kwenye DNA. Alama hiyo hurithiwa kama jina la ukoo: seli ikijigawa, watoto na wajukuu wake wote wanayo, hata wakiacha kabisa kutumia Sox2. Baada ya muda tezi ilipochunguzwa, seli za homoni za aina mbalimbali zilikutwa na alama. Wazazi wao wakawa wamejulikana.

Lakini zilikuwa chache. Katika panya mzima asiye na tatizo, seli hizi huchangia kidogo tu. Zilichangamka mwili ulipokuwa na uhitaji: panya alipoondolewa tezi za juu ya figo, zilizaa seli za homoni inayoamsha tezi hizo. Mwaka 2021 kundi la Cynthia Andoniadou, pia la London, likaonyesha kwamba shina hutuma ishara zinazozihimiza seli jirani kujigawa. Kumbe inaweza kuijenga tezi bila yenyewe kuzaa sana.

Basi kwa nini mama aliyepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, hadi sehemu ya pituitari ikafa, hukosa maziwa na hedhi, na huweza kuhitaji homoni za dawa maisha yake yote? Panya wanatoa sehemu ya jibu. Watafiti wa Leuven walipoziua seli za homoni ya ukuaji kwa panya wachanga kiumri, takriban nusu yake au zaidi kidogo zilirudi baada ya miezi kadhaa. Kwa panya wa makamo, uwezo huo ulikuwa umetoweka. Tena hapo ziliuawa seli za aina moja tu, huku shina zikiachwa salama. Damu inapokatika, hakuna seli inayochaguliwa.

Kwa binadamu, seli zenye SOX2 zimeonekana kwenye pituitari, ila hakuna anayeweza kumtia mtu alama za jeni ili kufuatilia kizazi cha seli zake. Ndiyo maana wengine wamepita njia nyingine. Mwaka 2011 watafiti wa Japani waliotesha tishu ya pituitari kutoka kwenye seli shina za kiinitete cha panya, wakaipandikiza kwa panya walioondolewa tezi yao, na homoni inayoamsha tezi za juu ya figo ikaanza tena kuonekana katika damu yao.