Bili ya hospitali Marekani haijifii yenyewe jamani

Kazi yangu ni kusaidia watu na bili za hospitali huku Marekani, na wengi wanaonijia ni watu wetu, Wakenya, Watanzania, Wakongo, Warundi, na karibu kila wiki lazima nisikie hii: "Dada, hizo bili usijisumbue nazo, tupa tu, ukinyamaza mwaka mmoja inapotea." Tena anayesema anasema kwa uhakika kabisa, kaambiwa na binamu yake wa Ohio. Nimechoka nayo kwa kweli, leo naiandika yote.

Najua ilikotoka. Zile kampuni tatu kubwa za rekodi za krediti, yaani zinazoweka historia ya jinsi unavyolipa madeni yako, Equifax, Experian na TransUnion, zililegeza masharti yao. Tangu Julai 2022 deni la matibabu haliingii kwenye ripoti yako mpaka lipitishe mwaka mmoja, na tangu Aprili 2023 lililo chini ya dola 500 haliingii kabisa. Watu wakasikia nusu ya habari wakaelewa deni limefutwa. Halijafutwa! Liko palepale, hospitali inaweza kuliuza kwa wakusanya madeni, inaweza kukushtaki, na ukishtakiwa ukapuuza barua ya mahakama hukumu inatoka bila wewe kuwepo, na baada ya hapo majimbo mengi yanaruhusu mshahara wako ukatwe kabla hata haujaugusa. Mtu anapiga kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee, anakuja na salari slipu ina makato haelewi yametoka wapi, ukimuuliza barua ziko wapi anakuletea mfuko wa Walmart umejaa bahasha, hakuna hata moja iliyofunguliwa.

Na kinachoniuma sio deni lenyewe, ni kwamba msaada mara nyingi ulikuwa umo humohumo kwenye bahasha. Hospitali zisizo za faida, ambazo ni nyingi sana huku, zinabanwa na masharti ya kodi yaliyokuja na sheria ya afya ya 2010, Affordable Care Act: lazima ziwe na utaratibu ulioandikwa wa kusaidia wasiojiweza, na lazima zikujulishe kwenye bili yenyewe kwamba upo. Una siku 240 za kuomba kuanzia bili ya kwanza baada ya kutoka hospitali, na siku 120 za mwanzo hawaruhusiwi kukushtaki wala kupeleka jina lako kwenye krediti. Ukishaleta fomu iliyokamilika ndani ya muda huo wanatakiwa wasimamishe hatua hizo mpaka wakujibu. Kiwango cha kipato kila hospitali inajipangia, kuna zinazofuta bili yote, kuna zinazopunguza tu. Sasa yule aliyekaa kimya mwaka mzima akisubiri ipotee, siku 240 zimempita akiwa amekaa.

Kwa hiyo fungua bahasha siku hiyohiyo imefika. Angalia kwanza kama ni bili kweli au ni EOB ya kampuni ya bima, yaani karatasi ya kukueleza bima imelipa nini na wewe umebakiwa na nini, ile ambayo yenyewe imeandikwa kwamba sio bili, hiyo usiilipe ila usiitupe maana ndiyo ya kulinganishia. Kama ni bili, piga namba iliyopo pale uombe vitu viwili, bili yenye mchanganuo, yaani kila kipimo na kila sindano kwa mstari wake, na fomu ya msaada wa malipo, financial assistance, litamke hivyohivyo kwa Kiingereza wanakuelewa. Andika jina la aliyepokea simu na tarehe. Fomu itataka salari slipu, ritani ya kodi, pengine na taarifa ya benki, na kama huna kazi uliza kama barua ya anayekuweka nyumbani inatosha. Kuna wanaoogopa kuulizwa makaratasi ya uhamiaji, masharti yale ya kodi hayalazimishi hospitali kuuliza na nyingi haziulizi, isome fomu kabla hujakata tamaa.

Halafu jihadhari, daktari wa emajensi, wa dawa ya usingizi na wa kusoma picha mara nyingi wanatuma bili zao peke yao na msaada wa hospitali unaweza usiwaguse, hospitali inatakiwa iwe na orodha ya waliomo na wasiokuwemo, iombe. Na nawasihi, bili kubwa msiilipe kwa kredit kadi ili mradi tu simu ziache kulia. Ukishafanya hivyo sio deni la matibabu tena, ni deni la kadi na riba yake juu, na nafasi ya kupunguziwa umeifunga mwenyewe.

Mengine ninayoyasikia, haraka haraka.

Eti emajensi ni bure kwa sababu hawaruhusiwi kukukataa. Sheria ya 1986, EMTALA, inasema wakupime na wakutulize hali hata kama huna hela, haisemi usilipe. Mafua na kikohozi nenda ajenti kea (urgent care), kliniki ya matatizo madogo isiyohitaji miadi, au kituo cha afya cha jamii, vile vinavyotoza kulingana na kipato chako.

Eti mama akija kututembelea tumkatie bima ya wageni atibiwe presha na sukari yake. Bima nyingi za wageni hazigusi ugonjwa aliokuja nao, au zinaufunika kwa masharti magumu sana, soma kipengele hicho kabla hujalipa. Mama aje na dawa zake za kutosha, kwenye vyombo vyake vyenye lebo.

Eti mtoto atatutafsiria kwa daktari. Hapana, hapana. Mtoto wa miaka kumi anaachiwa amwambie mama yake kuna uvimbe kwenye titi? Hospitali inayopokea hela za serikali kuu inatakiwa ikupe mkalimani bure, kuna wa Kiswahili hata kwa simu, omba tangu siku unapopanga miadi na usikubali kuambiwa tumia mwanao.

Eti mtoto mchanga anaingia mwenyewe kwenye bima ya kazini. Haingii mpaka umwandikishe, na dirisha kwenye bima nyingi za kazini ni siku 30 tu tangu azaliwe. Ukiwahi, bima inahesabiwa kuanzia siku ya kuzaliwa na bili za wodini zinaingia humo, ukichelewa unaweza kuambiwa usubiri uandikishaji wa mwaka ujao. Msisubiri cheti cha kuzaliwa wala namba ya Social Security, waambie HR leo, karatasi zitafuata.